Stendapu, uigizaji au muziki: uongoze na kipi?

Njia mbili zilimshinda fisi, na wewe unataka kupita tatu. Unafanya stendapu, yaani unasimama peke yako na maiki na kuchekesha watu, umeshaigiza mara mbili tatu, na nyumbani kuna gitaa ambalo halimalizi siku mbili bila kushikwa. Kila unayemwuliza anakwambia uchague kimoja uachane na vingine. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Waliofanikiwa katika vyote vitatu wapo, tena si haba, ila ukifuatilia safari zao utaona karibu hakuna aliyeanza navyo vyote kwa uzito mmoja. Kimoja kilitangulia, kikavilisha vingine, na vingine vikangoja zamu. Kwa hiyo ninacholinganisha hapa si utamu wa kazi hizi, maana zote ni tamu ukumbi ukijaa. Ninalinganisha ipi itangulie, na kwa mtu wa aina gani.

Kichekesho huchakaa, wimbo hukomaa

Naanza na tofauti ambayo naona inabeba zote, na ajabu watu hawaizungumzii. Mtu akikipenda kichekesho chako, akisikia unakirudia anahisi ameibiwa. Akiupenda wimbo wako, usipoupiga ndipo anahisi ameibiwa. Mwanamuziki mwenye nyimbo nne zilizoshika anaweza kuishi nazo miaka 30, na siku akiziruka kwenye onyesho watu wanarudi nyumbani wamenuna. Mchekeshaji akirudia maneno yaleyale mbele ya watu walewale, wanamtazama tu. Afadhali wangezomea.

Hii ina maana kwamba stendapu ni kazi ya kuanza upya kila baada ya muda mfupi. Saa moja ya vichekesho vilivyoiva hutengenezwa kwa miezi mingi katika kumbi ndogo: unajaribu, kinabuma, unabadilisha neno moja, kesho unajaribu tena, kinashika, kesho kutwa kinabuma tena bila sababu. Ikishaiva, unairekodi. Ikisharekodiwa na kurushwa, umeizika, kwa sababu kila atakayenunua tiketi yako ameshaiona. Mchekeshaji wa Marekani George Carlin alirekodi maonyesho 14 ya namna hiyo kwa ajili ya kituo cha runinga cha HBO kati ya 1977 na 2008. Hizo ni mara 14 za kulitupa ghala na kulima shamba jipya. Kabla hujasema stendapu ndiyo kazi yako, jiulize kama unaweza kutupa mara tatu tu.

Mchekeshaji mwingine wa Marekani, Steve Martin, hakuendelea kutupa, aliondoka. Kwa hesabu yake mwenyewe, stendapu ilimchukua miaka 18: kumi ya kujifunza, minne ya kupiga msasa, minne ya umaarufu wa kutisha. Mwaka 1981, wakati bado anajaza viwanja, akaacha. Watu walikuwa wanavijua vichekesho vyake kabla hajafungua kinywa, wanashangilia pale ambapo zamani walicheka, na yeye akajiona amekuwa mwenyeji wa sherehe tu. Akahamia kwenye filamu. Lakini angalia kilichotokea kwa banjo, ala ya nyuzi aliyojifunza ujanani: ilimngoja. Mwaka 2009 alitoa albamu ya bluegrass, muziki wa Marekani unaopigwa kwa banjo, na mwaka uliofuata ikampa tuzo ya Grammy. Vichekesho vya miaka ya sabini hakuweza kurudi navyo jukwaani. Vidole vilirudi bila shida.

Uigizaji unakaa mahali pake pekee. Maneno si yako, na unayarudia mbele ya kamera mara kumi, pengine ishirini, uso ukitakiwa kuwa mpya kila mara. Ukimaliza, hurudii tena maisha yako yote. Ni filamu yenyewe inayorudiwa, wewe umelala. Kinachochosha ni kitu kingine: mhusika akishawaingia watu, jina lake linalimeza lako, na kila unakopita unaombwa useme ule mstari. Mchekeshaji analalamika kwamba hawezi kurudia, mwigizaji analalamika kwamba hawaachi kumrudisha.

Nani anakufungulia mlango

Hapa stendapu inashinda waziwazi. Unachohitaji ni dakika tano na maiki ya mtu mwingine. Unafika mapema, unaandika jina kwenye orodha ya jukwaa huria, ambako yeyote hupewa maiki, unangoja zamu. Huhitaji mwongozaji, wala mpiga picha, wala mtu wa kukuvalisha.

Jamie Foxx, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani, alikuwa anapiga piano tangu akiwa na umri wa miaka mitano hivi, na chuoni alisoma muziki. Hata hivyo mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa vichekesho, mwaka 1989, kwenye usiku wa jukwaa huria. Jina lake halisi ni Eric Bishop. Aligundua kwamba wanawake, kwa kuwa walikuwa wachache, waliitwa mapema kupanda jukwaani, akajiandikisha kwa jina ambalo huwezi kujua ni la mwanamume au la mwanamke. Ujanja mdogo kama huo unafanya kazi kwenye stendapu kwa sababu mlinda mlango ni mmoja na ana karatasi moja mkononi.

Kwenye uigizaji walinda mlango ni wengi na huwaoni. Unaitwa kwenye usaili, unasoma kurasa mbili za mhusika usiyemjua, wanakushukuru, unarudi nyumbani. Simu isipolia hutajua kama uliigiza vibaya, au ulikuwa mrefu kuliko yule aliyekwisha kupewa nafasi ya mkeo. Mchekeshaji aliyebuma angalau anajua ni sentensi gani iliyomwangusha, na kesho usiku ataibadilisha. Mwigizaji anapiga filamu mwaka huu, inaonyeshwa mwakani, na kosa analoliona kwenye skrini halina dawa tena.

Muziki uko katikati, na siku hizi umekuwa wa udanganyifu kidogo. Unarekodi chumbani, unapakia kwenye intaneti usiku huohuo, hakuna aliyekuzuia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekusikia pia. Wimbo ulioshindwa kwenye intaneti hausemi ulishindwa kwa nini. Pengine ni mbaya, pengine ni mzuri na umezama tu. Ndiyo maana nasema mtu anayejifunza haraka kwa kurekebishwa papo kwa papo aende kwanza pale ambapo jibu linakuja ndani ya sekunde tatu.

Pesa, na nani anamiliki nini

Mchekeshaji anaishi kwa kiingilio. Akisimama jukwaani analipwa, akiugua halipwi. Ni pesa ya moja kwa moja na mara nyingi hahitaji kugawana na watu wengi, kwa kuwa hana bendi wala kikosi cha wapiga picha. Ila haizai.

Wimbo unazaa, kwa sababu una haki mbili ndani yake: ya utunzi, yaani melodi na maneno, na ya rekodi yenyewe. Ukiandika na kurekodi mwenyewe, zote mbili ni zako hadi utakapozitia sahihi kwa mtu mwingine. Vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi kila inapotumika, vimekuwepo kwa vizazi, na vinajua pa kwenda kudai.

Vichekesho vilivyorekodiwa havikupata mfumo huo. Muda mrefu majukwaa ya kusikiliza yalilipia rekodi tu, si maneno yaliyoandikwa, kana kwamba vichekesho vinaota vyenyewe. Mwishoni mwa 2021 mvutano huo ulifika mahali Spotify ikaziondoa rekodi za wachekeshaji wengi, wakiwemo John Mulaney, Tiffany Haddish na Kevin Hart. Mapema 2022 jukwaa jingine la kusikiliza, Pandora, likashtakiwa kuhusu suala hilohilo, na miongoni mwa walalamikaji walikuwemo wanaosimamia kazi za mchekeshaji Robin Williams na za Carlin, ambao wote wameshafariki. Kuna pia wizi wa kawaida. Hakimiliki inalinda maneno ulivyoyapanga, hailindi wazo, kwa hiyo mtu akichukua wazo la kichekesho chako na kulivalisha maneno yake, mahakama haitakusaidia sana. Wachekeshaji wenyewe ndio polisi: mwizi anajulikana, na taratibu hapati mtu wa kushiriki naye jukwaa.

Mwigizaji analipwa kwa siku au kwa mkataba, na pale penye chama chenye nguvu hupata pia malipo kila kazi inaporudiwa. Chama hichohicho kinaweza kukusimamisha. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani walio chini ya chama chao, SAG-AFTRA, waligoma siku 118. Jukwaa la stendapu halikuguswa na mgomo huo, na waliokuwa na kazi zote mbili walishika maiki wakaendelea kula. Miaka mitatu nyuma mambo yalikuwa kinyume: kumbi zilifungwa kwa sababu ya korona, na aliyekuwa na nyimbo tayari angalau alikuwa na kitu cha kusikilizwa. Mtu akiniuliza faida ya kujua kazi tatu, simtajii umaarufu. Namtajia miaka hiyo miwili.

Wenzako walivyozipanga

Weka Eddie Murphy na Foxx ubavu kwa ubavu. Murphy aliingia kwenye runinga mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 19, na miaka michache baadaye hakukuwa na mchekeshaji mwenye jina kubwa kuliko lake. Mwaka 1985 akatoa wimbo uliotayarishwa na mwanamuziki Rick James, ukapanda hadi namba mbili kwenye chati ya Marekani. Namba mbili si mchezo. Hata hivyo hadi leo wengi wakiutaja wanautaja kwa tabasamu, kana kwamba ulikuwa utani uliochukuliwa kwa uzito kwa bahati mbaya. Masikio yalishazoea kwamba sauti ile ikisikika, kuna kichekesho kinakuja.

Foxx naye alijaribu kuruka kutoka vichekesho hadi muziki moja kwa moja. Albamu yake ya 1994 ilipita kimya. Kisha ikaja filamu ya 2004 ya maisha ya Ray Charles. Aliigiza kwa uzito, na piano ile unayoiona anaipiga mwenyewe. Mwaka 2005 akachukua Oscar ya mwigizaji bora, Desemba mwaka huohuo akatoa albamu nyingine, na hiyo ikafika namba moja. Kipaji hakikuwa kimebadilika sana katika miaka 11. Kilichobadilika ni kwamba watu walishamwona mbele ya piano bila kumcheka. Kama unatoka kwenye vichekesho na unataka muziki wako uchukuliwe kwa uzito, uigizaji ndio daraja, na kuruka mto bila daraja hilo ni kazi ngumu hata ukiwa Eddie Murphy.

Donald Glover hakujenga daraja, alijenga nyumba mbili. Akiwa na umri wa miaka 23 alikuwa ameajiriwa kuandika vichekesho vya runinga, akafanya stendapu, akaigiza. Muziki akautoa kwa jina lingine kabisa, Childish Gambino, ambalo alilipata kwenye programu ya kompyuta ya kubuni majina. Albamu yake ya kwanza ya studio, 2011, wachambuzi wengine waliichana vipandevipande. Hakurudi nyuma. Mwaka 2017 alipata tuzo za runinga za Emmy kwa kuigiza na kuongoza tamthilia yake ya vichekesho, na mwaka 2019 Gambino akachukua Grammy nne kwa usiku mmoja. Njia hii inalinda kila kazi isichafuliwe na nyingine. Gharama yake ni kwamba unaanza sifuri mara mbili, na mashabiki wa jina moja hawana deni na jina la pili. Bila mshahara wa uhakika upande mmoja, sidhani kama mtu angevumilia miaka yote hiyo.

Sasa geuza upande. Billy Connolly wa Glasgow alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli, akawa mpiga banjo, na katikati ya miaka ya sitini akaanzisha bendi. Kati ya wimbo na wimbo alikuwa anaongea. Maongezi yakazidi kurefuka, nyimbo zikazidi kupungua, hadi mwenzake Gerry Rafferty na yeye wakaachana mwaka 1971 na Connolly akawa mtu wa maongezi mwenye banjo pembeni. Mwaka 1997 aliigiza kwenye filamu kama mtumishi wa Malkia Victoria, mbele ya Judi Dench aliyekuwa malkia, na hakuna aliyeuliza mchekeshaji huyu anafanya nini hapo. Kama tayari uko kwenye bendi, njia yako ni hii. Usiende kuhangaika na jukwaa huria na wachekeshaji 20 wanaongoja zamu. Refusha tu yale unayosema wakati unakaza nyuzi. Anayecheka hapo amecheka bila kuahidiwa kichekesho, na hicho ndicho kipimo cha kweli.

Gitaa jukwaani: liingie au libaki mlangoni?

Kuna njia ya nne, ya kuunganisha kila kitu kwenye onyesho moja, nayo ndiyo inayovutia wengi kwa sababu inaonekana haikulazimishi kuchagua. Victor Borge, mpiga piano wa Denmark, alipanda peke yake mara 849 jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho za New York, kati ya 1953 na 1956 na aliendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni kabisa. Tim Minchin wa Australia alihangaika kama mwanamuziki na mwigizaji hadi 2005, alipozichanganya na vichekesho mbele ya piano. Miaka mitano baadaye nyimbo zake zilikuwa zinaimbwa kwenye tamthilia kubwa ya muziki nchini Uingereza. Bo Burnham alianza mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 16 na kinanda chumbani kwake.

Kabla hujawafuata, jua mambo mawili matatu ambayo hayaonekani kwenye video. Dakika tano za jukwaa huria ni dakika tano kweli. Ukitumia moja na nusu kuchomeka waya, kumwomba fundi mitambo aongeze sauti na kukaza nyuzi, umebaki na tatu na nusu, na watu wameshakuona unahangaika. Wachekeshaji wenzako hawapendi kupanda baada ya mtu mwenye gitaa, kwa sababu wimbo huwapandisha watu mzuka ambao mtu mkavu mwenye maiki hawezi kuufikia haraka. Utasikia minong'ono kwamba unatumia ngazi. Minong'ono hiyo ina ukweli kiasi. Muziki hukupa mdundo wa bure, hukuambia lini usimame, na watu hupiga makofi wimbo ukiisha hata kama hawakucheka. Unaweza kumaliza mwaka mzima ukidhani unachekesha.

Dawa yake ni rahisi na inauma. Chukua maneno ya wimbo wako wa kuchekesha, yasome kavu, bila gitaa, mbele ya watu wasiokujua. Kama hakuna anayecheka, hiyo ni melodi nzuri, si kichekesho. Na ukitumia melodi ya mtu mwingine na kubadilisha maneno, kumbuka kwamba hata Weird Al Yankovic wa Marekani, bingwa wa mchezo huo, huomba ruhusa ya mwenye wimbo kwanza.

Umbo hili pia linabana. Aliyekujua na piano atakuuliza piano iko wapi. Na lina uzito wake mwilini: Burnham aliacha maonyesho ya ukumbini mwaka 2016 baada ya kushikwa na hofu kali akiwa jukwaani, akaenda kuongoza filamu, na aliporudi 2021 alirudi kwa kazi aliyoitengeneza peke yake ndani ya chumba kimoja. Mwandishi, mwanamuziki na mchekeshaji wakiwa mtu mmoja, hakuna wa kupokezana naye.

Basi wewe ni yupi?

Kama unaweza kukaa na ukimya wa ukumbi ukarudi kesho yake, anza na stendapu. Ni ya bei nafuu, inafundisha haraka, na inakuzoesha kuandika, ambako ndiko waigizaji wengi walikopungukiwa. Weka gitaa nyumbani miaka miwili ya kwanza. Halitaota kutu ukilishika kila jioni.

Kama ukimya huo unakuvunja lakini unapenda kuwa mtu mwingine, anza na uigizaji wa jukwaani, si wa kamera. Jukwaa litakupa mapigo ya muda ambayo kamera haifundishi, na ukija kwenye vichekesho baadaye utakuja na sauti iliyofunzwa. Usitegemee kulipwa mapema.

Kama watu walilipa kukusikia ukipiga muziki hata mara tano tu, baki hapo na uongee kati ya nyimbo kama Connolly. Hii ndiyo njia isiyo na kishindo, na kwa jicho langu ndiyo inayopuuzwa kupita kiasi.

Kuunganisha vyote ningekuachia mwaka wa tatu au wa nne, na kwa sharti moja: uwe na dakika 20 zinazochekesha bila ala yoyote. Majina mawili ningekuachia siku utakapokuwa na mshahara.

Wiki hii fanya jaribio dogo tu. Jirekodi dakika tano ukiongea, dakika tano ukisoma maneno ya mhusika uliyeandikiwa na mtu mwingine, na dakika tano ukipiga wimbo wako. Usivitazame kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja anza na kile unachoogopa zaidi kukitazama, na uhesabu ni vitu vingapi unajua namna ya kuvirekebisha. Penye marekebisho mengi unayoyajua, ndipo utakapokua haraka.